Breki za Mafuta ya Nyonyo

Mwanangu Nyabise,

Upo hapo uani unaanua nguo zako, nakuona kupitia dirishani, na mimi nakuandikia kama vile umekwisha kufika Arusha. Ukiingia ndani nitaifunika karatasi hii kwa ungo. Nataka uisome ukiwa peke yako huko, siyo hapa, ambapo kila nikifungua mdomo mdogo wako analia, au mtu anapiga hodi anamuulizia baba yako. Baba yako yuko chini ya gari. Tangu tutoke kanisani yuko chini ya gari, naona miguu yake tu.

Mambo ya chandarua, ya sabuni na ya kutoazimisha sufuria sitayaandika. Shangazi yako ameyasema yote, na aliyoyasahau atayakumbuka kesho wakati unaondoka, atayapiga kelele barabarani. Mimi nina jambo moja tu, ila ni refu.

Utaona mwandiko unapanda na kushuka. Ni huyu mgongoni, kalala lakini anapiga teke. Nimechoka, mama, sikufichi. Sokoni watu wanadhani wewe ni mdogo wangu, na kweli nilikuzaa kabla sijajua kusonga ugali wa watu wengi. Shule niliishia la saba. Kwa hiyo usitafute maneno makubwa humu ndani.

Juzi ukiosha vyombo uliniuliza, "Mama, na wakinicheka? Darasa zima la ufundi wa magari msichana ni mimi peke yangu." Nikakujibu, "Watacheka," nikaendelea kusugua sufuria. Baadaye nikaona lile halikuwa jibu, ilikuwa ni uchovu. Jibu ni hili ninaloandika.

Umewahi kujiuliza kwa nini kamba yetu ya kuanikia nguo ni nene hivyo, kama ya kufungia meli? Hiyo unayoanulia sasa hivi? Watu wote wa mtaa huu wa Kitaji wanaanika kwenye waya, sisi peke yetu tuna kamba ya kuvutia ng'ombe dume. Nitaifikia hiyo kamba.

Gari umekua nalo. Kwako wewe ni kitu cha nyumbani kama jiwe la kusagia. Lakini lilikuwa la injinia wa kiwanda cha pamba Bunda, mzungu mmoja mrefu mwenye haraka, na baba yako alikuwa fundi pale. Ni gari lililotengenezwa kwa ajili ya mbio. Viti viwili tu, paa la turubai, boneti ndefu kuliko sehemu nyingine zote, na limekaa chini mpaka ukitoa mkono unaokota kokoto. Vipuri vya kiwanda vilipoacha kuja na mashine zikasimama, yule injinia alifunga mizigo yake. Akamwambia baba yako, "Masatu, wewe ndiye uliyekuwa unalisikiliza. Lichukue."

Baba yako alifurahi kama mtoto wa sikukuu. Kisha akajaribu kuingia.

Mapaja ya baba yako unayajua. Mguu mmoja uliingia chini ya usukani, wa pili ukabaki nje, na mwenyewe akakwama katikati. Tulimvuta watu watatu. Mzee Kuboja, dereva wa zamani wa kiwanda, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Baba yako akapangusa suruali, akanitazama mimi nilivyo mfupi, akasema, "Mama Nyabise, ingia wewe."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa dereva. Watu wanapenda kusema nilikuwa jasiri. Nilikuwa natosha kwenye kiti, basi.

Zile zilikuwa siku za foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, khanga ukisikia zimefika duka la ushirika unakimbia bila kujua rangi. Na katika siku zile sisi watatu, mimi, baba yako na Mzee Kuboja, tulikuwa tunalea gari lisilobeba gunia wala samaki. Viti tulivishona kwa ngozi ya dume aliyekufa kwa babu yako Murangi, ndani tukajaza pamba ya Bunda. Gasketi baba yako alizikata kwa makasi kutoka kwenye jalada la daftari kubwa la kiwanda. Mkanda wa feni ulipokatika nilisuka mwingine kwa nyuzi za nyavu, ukadumu kuliko ule wa dukani. Sijui nikueleze vipi. Umesimama foleni ya sabuni tangu alfajiri, umerudi mikono mitupu. Halafu unafungua boneti, unawasha, unasikia silinda zote nne zinaitikiana kama waimbaji wanaopendana. Siku hiyo umepata kitu ambacho hakigawiwi kwa kadi.

Kulikuwa na baba yako mdogo, Bwire. Sasa ni mtu mzima mwenye adabu zake, lakini wakati ule alikuwa kijana wa biashara, na alilitaka banda letu aweke sangara wake wakavu. Kila akipita alikuwa na neno.

"Shemeji, hiyo siyo gari. Hiyo ni jeneza yenye taa."

"Basi usiikaribie, Bwire, zamu yako haijafika."

"Mnaendaga nayo wapi lakini?"

"Tunaendaga na kurudi."

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Mafuta ya breki yaliisha. Mji mzima wa Musoma hayakuwepo, na Mwanza walisema hayapo. Baba yako alikuwa amesafiri kwenda Tarime kutengeneza mashine ya kusaga. Mimi nilikuwa nimekwisha kuwaahidi wanakwaya kwamba Jumapili nitawaonyesha gari likitembea mpaka Bweri. Nikakuta kopo la oili ya injini. Nikajiambia, mafuta ni mafuta.

Wewe leo ungenicheka, na una haki. Lakini nataka ujue nilivyokuwa pale, nimeshika kopo. Haikuwa kwamba sikuwa na mtu wa kumuuliza. Mzee Kuboja alikuwa nyumba ya tatu, namsikia anakohoa. Nilijua kabisa kwamba sijui. Niliona aibu ya kuuliza, nikamimina.

Raba za breki zikivimba kwa oili zinabana kimyakimya. Nilitoka Kitaji nimevaa kitambaa kipya kichwani, nawapungia watu mkono. Kufika Bweri magurudumu yakaanza kutoa moshi, kisha yakashika moja kwa moja. Gari likasimama katikati ya barabara, mbele ya kwaya yote, kama punda aliyekataa. Mzee Kuboja akaja na spana, akamwaga ile oili ili magurudumu yaachie. Alinitazama tu. Tukavutwa na ng'ombe wawili wa kulima kutoka Bweri mpaka Kitaji, mimi nimeshika usukani, watoto wanaimba nyuma, "Gari la mbio, linakula majani! Gari la mbio, linakula majani!"

Wimbo ule niliusikia sokoni mwezi mzima.

Ng'ombe wale ndio waliompa Bwire maneno. Alikwenda Murangi kwa babu yako, akamwambia jina la ukoo linaburuzwa barabarani na ng'ombe. Babu akaja, akaitisha kikao. Nyumba hii alijenga yeye, na banda ni lake. Wewe ulikuwa Mugeta kwa mama yangu na surua yako, ndiyo maana haya yote unayajua kwa kusimuliwa, na waliokusimulia wamepamba. Wanasema babu yako alilipenda gari tangu mwanzo. Babu yako alikuwa amekwisha kuongea na wafua majiko. Walikuwa wanasubiri bati lake.

Unajua heshima ya kwetu. Mkamwana na baba mkwe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na kama njia ni nyembamba mmoja anaingia majanini. Mimi nilikaa nyuma ya mlango. Babu yako alikuwa hatua tatu kutoka kwangu na aliongea nami kupitia kwa baba yako, kama vile nipo Ukerewe.

"Mwambie mke wako, hii gari inatutia aibu."

Baba yako akageuka. "Mzee anasema gari inatutia aibu."

"Mwambie Mzee gari haina kosa. Kosa ni langu. Nilitia mafuta siyo yake."

Kikao kikanyamaza. Nadhani walitegemea nitamlaumu mtu, au shetani. Babu yako alikohoa. Kisha akatoa hukumu yake, nayo ilikuwa ya haki, mpaka leo nasema hivyo. Gari liende Bunda, likaguse lango la kiwanda lilikotoka, lirudi hapa Kitaji kwa magurudumu yake lenyewe. Likirudi ni la mke wa Masatu, na mtu asiliguse tena. Likivutwa hata hatua moja, linapitiliza kwa wafua majiko. Petroli atatoa Bwire, mtu asije kusema lilishindwa kwa njaa. Na yeye babu atakuwa nyuma kwenye lori la Bwire, aone kwa macho yake.

"Na kamba?" Bwire akauliza.

"Kamba beba," babu akasema.

Usiku ule sikulia, nilikuwa na hasira na mimi mwenyewe, na hasira ya namna hiyo ina faida ukiipa kazi. Asubuhi nilikata bomba la ndani la baiskeli vipande vidogo vya ukubwa mmoja. Nikapanga vikombe vitano dirishani, hapa hapa ninapoandikia. Cha kwanza oili, cha pili mafuta ya taa, cha tatu mafuta ya pamba, cha nne samli, cha tano mafuta ya nyonyo kutoka ule mti wa nyuma ya choo. Kila kikombe kipande cha raba. Baba yako aliporudi kutoka Tarime aliniuliza kama nimeanza uganga.

"Subiri," nikamwambia.

Tulisubiri wiki. Cha oili kilivimba kama kidole kilichobanwa mlangoni. Cha mafuta ya taa kibaya zaidi. Cha pamba na cha samli vililegea. Cha nyonyo, Nyabise, kilitoka vile vile nilivyokiweka. Nilikikunja, nikakivuta, kikarudi. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka jirani akaja kuuliza nani ameolewa.

Lakini mafuta ya nyonyo ni mazito, hayakimbii kwenye mabomba membamba ya breki. Lazima yapunguzwe uzito, na kila nilichojaribu kilikataa kuchanganyika. Mzee Kuboja ndiye aliyesema, "Jaribu gongo. Siyo ile ya kunywa. Ile ya kwanza kutoka, inayowaka ukiiwashia kiberiti."

Nikaenda kwa mpika gongo mmoja kule Nyasho, mama mnene mwenye macho ya polisi.

"Nataka ile ya kwanza."

"Ya nani? Mume wako amekuwa mlevi mkubwa hivyo?"

"Ya gari."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Mimi nimesikia uwongo wa kila namna kwenye mlango huu. Mwingine anasema ya kuchua mgongo, mwingine ya kuku wagonjwa. Ya gari, huo ni mpya. Kwa huo uwongo nakupimia vizuri."

Nikitoka nimeficha chupa kwenye khanga, nani nakutana naye? Katekista wetu. "Mama Nyabise, salama?" Salama, nikasema, na chupa inalia glu glu. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa ya ulevi, na akina mama wote wakageuka kunitazama kwa huruma. Nikakaa nikitazama mbele. Nilikuwa nimeyachanganya yale mafuta usiku wa jana yake, yakawa maji mamoja, mepesi na safi. Nilikuwa na furaha mle kanisani kupita mtu yeyote.

Raba mpya baba yako alizitoa Mugeta, kwenye ile Landrova iliyokufa nyuma ya nyumba ya jirani wa bibi yako, ile ambayo kuku walikuwa wanataga ndani na wewe ulikuwa unachezea usukani wake. Raba zake za breki zilikuwa saizi moja na zetu. Alirudi nazo kwenye leso, pamoja na mayai manne.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Nilivaa kitenge cha maua na viatu vya Bata. Baba yako alizunguka gari mara nyingi sana, kisha akaja akasimama mlangoni, akaniambia maneno ambayo nataka uyasikie kwa sauti yake. "Mimi nimefunga kila nati. Sasa ni masikio yako." Akaenda kupanda lori pamoja na babu, Bwire na watu wengine waliotaka kuona bati linavyovutwa.

Mpaka Makutano nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Kila kilima nilijaribu breki kidogo, zikanijibu. Nikaanza kuimba. Nikakata kuelekea Butiama, kwa sababu babu alitaka njia ya vilima, asije mtu akasema tulipita tambarare.

Watu wa Butiama unawajua, wamezoea misafara ya wageni wa serikali. Wao wakiona gari geni linakuja taratibu, na lingine kubwa linafuata nyuma limejaa watu, wanajua la kufanya. Wakatoka. Mwalimu mmoja akatoa watoto kwenye darasa la ziada, wakapanga mstari kando ya barabara. Mama mmoja akapiga kigelegele, wengine wakadaka. Nikasikia mzee mmoja anamuuliza mwenziwe, "Huyu ni mgeni wa nchi gani?" Mwenziwe akajibu kwa uhakika kabisa, "Ni wa kike."

Mimi mke wa fundi, la saba, kitenge cha kushonwa mkono! Nikainua mkono, nikapunga. Wakapiga makofi. Nikapunga tena. Na hapo, mwanangu, kichwa kikaniingia upepo. Nilikanyaga mafuta. Gari lile halikuwahi kuombwa mbio tangu injinia aondoke, na lilikuwa linazitaka. Turubai limekunjwa, upepo unanipiga usoni, vilima vinakimbia pembeni, lori limepotea vumbini kule nyuma. Nilipiga kelele kwa furaha, sina aibu kukuambia. Sijawahi kuwa mwepesi vile.

Kwenye mteremko, kundi la ng'ombe likamwagika barabarani.

Nilikanyaga breki. Ile sekunde ndogo kabla hazijashika niliona vile vikombe vitano dirishani. Zikashika. Zote nne, sawasawa, bila kuvuta kushoto wala kulia, gari likainama pua likasimama mbele ya dume jeusi, karibu kiasi kwamba alinusa taa. Mchungaji akaniambia, "Mama, gari yako inanuka pombe." Nikamwambia, "Ndiyo iliyokuokolea ng'ombe wako."

Lakini kosa la pili lilikuwa tayari limeiva. Kwa kupungiwa mkono na kukimbia sikuwa nimetazama kipimo cha joto hata mara moja. Kufika Kiabakari rejeta ikachemka, mvuke ukatoka mbele kama chungu cha harusi. Nikazima, nikakaa. Lori likafika. Bwire akaruka chini na kamba begani, anatabasamu mpaka masikioni.

"Shemeji, nianze kufunga?"

Kutoka juu ya lori ikaja sauti ya babu yako. "Bwire, shusha kamba. Haijasema imeshindwa. Imesema ina kiu."

Tukasubiri ipoe. Akina mama wa Kiabakari wakaniletea maji, nikanywesha gari, na mimi nikanywa. Toka pale mpaka Bunda nilikwenda kwa adabu, jicho moja barabarani na jingine kwenye kipimo. Kwenye lango la kiwanda wale mafundi wa zamani walikuwa wamesikia mlio kutoka mbali, wakaujua. Mmoja alilia, anashika boneti kama shavu la mtoto. Nikasogeza gari mpaka pua ikagusa lango. Tong. Babu yako akaitikia kwa kichwa, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa sikiliza yaliyotokea wakati wa kurudi, maana hapa ndipo hadithi za watu zinapokosea.

Kabla ya kufika Kiabakari nikaona kwenye kioo lori halipo. Nikarudi nyuma. Lori limelala kando ya barabara, shafti imekatika vipande viwili. Baba yako kashaingia chini, miguu nje kama sasa hivi. Lori halitoki pale leo. Bwire amesimama na kamba yake, hana cha kuvuta.

Babu yako akasema nyumbani lazima afike. "Nilisema ikirudi Kitaji kwa magurudumu yake. Nani atashuhudia kama mimi nimebaki hapa na mbu?" Watu wote wakalitazama gari. Viti viwili, vimebanana kama meno. Kimoja changu. Mkamwana na mkwe, bega kwa bega, mpaka Musoma? Hata ng'ombe wangeshangaa.

Babu akamwita Bwire, na ilibidi yeye mwenyewe aulete ujumbe. Alikuja kwangu anatazama viatu.

"Shemeji. Mzee anauliza kama kuna namna."

Nikafikiri. Nyuma ya viti, pale linapokunjiwa turubai, pana mahali bapa. Nikamwambia Bwire atandike blanketi pale juu. "Mwambie Mzee akae pale, miguu aweke kwenye kiti kitupu. Atakuwa nyuma yangu na juu yangu. Heshima haijavunjika." Babu akapima kwa fimbo, akaridhika. Akapanda. Akakaa kule juu na koti lake refu, fimbo mkononi, kichwa kikiwa juu ya kioo, upepo unampuliza ndevu.

Tukaondoka. Hapakuwa na mtu wa kumtuma tena. Kimya, kimya, mpaka Butiama ilipokaribia. Basi nikasikia nyuma yangu, kwa upole:

"Wewe gari."

Nikaendelea kutazama barabara. Si mimi niliyeitwa.

"Wewe gari, hapa pita polepole. Wanione."

Watu wakatoka tena. Safari hii hawakuuliza ni wa nchi gani, mzee kama yule anaeleweka mara moja. Vigelegele, makofi, watoto wanakimbia pembeni. Babu yako akainua fimbo kulia, akainua kushoto, taratibu, kama mtu aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Nikasema, "Gari, mwambie Mzee ashike vizuri, kuna kona." Akajibu, "Gari, mwambie dereva nimeshika."

Tuliongea hivyo njia nzima, mwanangu. Miaka sita ya ndoa hatukuwa tumesemezana hata neno, na siku ile tuliongea kwa saa nzima na gari likisikiliza katikati. Alinieleza alivyotembea kwa miguu na pamba kichwani akiwa kijana, barabara ile ile. Karibu na Bweri akasema, "Gari, mwambie dereva, siku ile alivyosema kosa ni lake, nilijua atafika."

Tuliingia Kitaji giza halijashika. Wale watoto wa wimbo walikuwa njiani, wamejiandaa na majani mikononi. Wakamwona babu kule juu. Majani yakaanguka.

Siku mbili baadaye Bwire akaja na ile kamba. Akaiweka mlangoni. "Shemeji, itakufaa kwa nguo." Ndiyo hiyo unayoanulia. Sangara wake akawajengea banda lingine, na mimi nikamsaidia kubeba miti.

Mengine unayajua mwenyewe. Milango ya nchi ilipofunguliwa vitu vikaja. Siku hizi mafuta ya breki yapo kwenye makopo, unachagua. Gari limewapeleka maharusi wangapi wa mji huu, na ada zako zimetoka humo na kwenye gereji yetu. Wale ndugu wawili wa Mwanza wenye magari yao mawili ya zamani ya mbio wanakuja kila mwaka, tunakwenda Bunda pamoja watatu tumeongozana, na jioni wanabishana na baba yako juu ya kabureta mpaka chakula kinapoa. Waliniuliza kama nitaukata ule mnyonyo nyuma ya choo. Nikawaambia swali hilo wakaulize watu wengine.

Huko darasani watakucheka. Mimi walinicheka kwa wimbo, na ulikuwa wimbo mzuri. Wakikucheka kwa kuwa u msichana, hilo halina dawa wala halihitaji, endelea kufungua nati. Wakikucheka kwa kuwa umekosea, cheka nao, kisha sema kwa sauti kosa ni langu, uone kikao kinavyonyamaza. Kitu cha kuogopa ni kile nilichokifanya mimi nimeshika kopo, Mzee Kuboja anakohoa nyumba ya tatu. Ukijua kwamba hujui, nenda nyumba ya tatu. Na kama nyumba ya tatu hakuna mtu, kata kipande kidogo, kiweke kwenye kikombe, usubiri.

Nasikia unakuja na nguo. Niharakishe.

Kesho hupandi basi hapa Musoma. Utalipandia Bunda, na mpaka Bunda gari letu unaendesha wewe. Leseni unayo, barabara unaijua, na masikio ni yangu nimekupa. Babu yako amefika mchana kutoka Murangi, amevaa lile koti, amekwisha kuuliza kama blanketi lake limefuliwa. Wewe ni mjukuu, angeweza kukaa kando yako bila neno. Amekataa. Kiti chake ni kile cha juu.

Mimi na mdogo wako na sanduku lako tutakuwa nyuma, kwenye lori la baba yako mdogo. Nitaangalia vumbi lako. Pale Butiama watatoka, hawajawahi kuacha. Wakikupungia, punga, mwanangu, punga kwa mkono wote. Kisha tazama kipimo cha joto.

Kamba tunaiacha hapa uani.

Mama yako